Kirusi Nilichokichora Mwenyewe

Kaka uko wapi?? Nusura nifukuzwe kazi sasa hivi. Na bado nacheka.

Si unajua bosi alishaniapia, utani mmoja tena, nje? Sasa leo asubuhi nikaweka fuvu kwenye skrini ya Mama Mhasibu, limeandikwa FAILI ZAKO NIMEZILA ZOTE. Picha tu! Nimeichora mwenyewe.

Kabla mama hajafika, bosi akaingia na muuzaji wa antivirus. Tai, manukato, maneno matamu. Anataka tununue yake kwa kompyuta zote za ofisi. Wakawasha ipi ya kujaribia? HIYO HIYO.

Bosi akapiga yowe. Muuzaji wala hakushtuka. "Kirusi hiki nakijua, bosi. Kinamaliza mtandao mzima." Akachomeka flashi yake, akabonyezabonyeza, fuvu likatoweka. "Programu yetu imekiua!"

IMEKIUA. Kaka, kabadilisha picha ya skrini tu!

Bosi akashika kalamu asaini mkataba. Nikajiona kabisa nafungasha virago, lakini maneno yakanitoka: "Bosi, hicho kirusi nimekichora mimi."

NIMEKICHORA MIMI, nimesema hivyo mbele za watu!

Muuzaji akaanza kukusanya vitu vyake, eti kakumbuka ana kikao. Huyoo, kaondoka.

Bosi akanitazama weee. Nikasema basi, kwaheri mshahara.

Akafunga mlango, akanisogelea. "Kesho anakuja muuzaji wa pili. Irudishe ile picha. Na fuvu uliongezee meno."