Nimrithi Shangazi Idara ya Dini, au Nishike Mitaala?

Mshauri wangu mpendwa, naomba unishike mkono, maana nimelizungumza jambo hili nyumbani hadi mume wangu akiniona nafungua mdomo anakumbuka ana kazi nje. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha elimu ya dini chini ya shangazi yangu, ambaye ndiye mkuu wa idara hiyo na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na sasa anastaafu, na sijui niite bahati au balaa, mratibu wa mitaala wa shule yetu naye anahama, mzee mpole tunayemwita Fundi Viraka kwa jinsi anavyounganisha masomo yaliyoachana, basi mkuu wa shule akaniita ofisini akaniambia, "Mwalimu, viti vyote viwili vinakufaa. Nijibu kabla wiki haijaisha, nisije nikakuchagulia mimi."

Mshauri, watu hawa wawili nawaheshimu mpaka basi. Mwaka huu mwanafunzi wetu alifariki kwa ajali, na kesho yake shangazi aliingia darasani kwa wenzake, watoto wa dini mbalimbali, wote wamejiinamia, na mmoja akamwuliza kwa hasira, "Mwalimu, Mungu alikuwa wapi?" Mimi nilikuwa mlangoni nikatamani ardhi ipasuke, lakini yeye alivuta kiti akakaa katikati yao akasema, "Hata mimi nimemwuliza hivyo asubuhi. Sina jibu la haraka, ila siondoki hapa," halafu akamwacha kila mtoto aeleze kwao wanamwombeaje marehemu, hakuna aliyemcheka mwenzake, na kengele ilipolia hakuna aliyenyanyuka, nikalia pale pale nikisema moyoni, huyu mama kazi hii aliumbiwa.

Naye Fundi Viraka, mwalimu wa fizikia na mwalimu wa hesabu walipogombana hadi wakawa hawasalimiani, kila mmoja akidai mwenzake ndiye anayefelisha watoto, hakuitisha kikao, aliniambia tu, "Twende tukakae nyuma ya darasa kwanza, lawama zitatusubiri," tukakaa, nikaona watoto wanakwama palepale kila mara, kwenye kugeuza fomula, jambo ambalo kwenye hesabu lingefundishwa muhula unaofuata, nikamnong'oneza, akatabasamu, akanikabidhi mihtasari ya masomo yote mawili, nikaitandaza kwenye meza ya walimu, nikaivuta mada hii mbele na ile nikaisogeza nyuma, nikabishana na wale wawili mpaka wakalegea, chai yangu ikapoa bila kuguswa, na siku moja msichana aliyezoea kulaza kichwa mezani kipindi cha fizikia akapiga kelele, "Kumbe ni hivi tu!" na mwalimu wa fizikia akatoka mbio kumwita mwenzake wa hesabu aje asikie.

Sasa shangazi keshaanza kunikabidhi vitabu vyake, anasema, "Mwanangu, kiti hakitoki nyumbani," nami navipokea tu na kuvipanga rafuni. Nikienda kwenye mitaala, si nitakuwa nimemkimbia Mungu pamoja na aliyenilea?

Mwalimu wa Viti Viwili

JIBU

Mwalimu, pole, na hongera pia, maana wengi huandika kwangu wakilia kwamba kazini hakuna hata mtu mmoja wa kuiga. Wewe unao wawili, tena wa kiwango hicho!

Sasa sikiliza. Mkuu wa elimu ya dini anabeba maswali ya watoto na ya wazazi wao, na lazima aweze kukaa na mtu pasipo na jibu. Mratibu wa mitaala anashughulika na watu wazima wasiopenda kuguswa vipindi vyao, na mtoto anayefaulu kwa jasho la mratibu huyo hatajua hata jina lake. Kazi zote mbili ni nzito na zote zina heshima. Usiniambie moja ni ya Mungu na nyingine ni ya makaratasi. Yule msichana aliyeinua kichwa, unadhani Mungu hakufurahi?

Isome tena barua yako. Kwa shangazi ulisimama mlangoni ukamstaajabia. Kwa Fundi Viraka ulinong'ona, ukatandaza, ukahamisha, ukabishana, ukasahau chai. Moyo wako umeshajibu, mwenzangu, unachotafuta kwangu ni ruhusa. Sikupi! Umemwuliza mumeo, umeniuliza mimi, bado kidogo umwulize mlinzi wa geti, na shangazi mwenyewe hujamwambia kitu. Hilo ndilo kosa. Nenda leo, kabla hujaenda kwa mkuu wa shule. Usimzungushe, usimletee kisingizio cha mume wala afya. Mwambie unachokitaka na kwa nini, kisha mwambie na hilo la darasani, kwamba ulimwona na ukalia. Nina hakika hujawahi kumwambia.

Nilimtumia jibu hili kabla halijafika gazetini, naye akanipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja. Alimkuta shangazi jikoni akiosha vyombo, akayatoa yote kwa pumzi moja. Shangazi akafuta mikono taratibu.

"Kumbe! Mimi nilidhani kiti unakitaka, ndiyo maana nakulindia. Yule mwalimu mgeni mwenye sauti ya tarumbeta ananisumbua kila siku akiomba nimfundishe kazi, nami namfukuza kwa ajili yako. Watoto wanampenda, mwanangu."

Na habari za darasani alipoambiwa, alikaa chini, akamshika mkono mtoto wa kaka yake.

"Sasa mratibu," akasema hatimaye, "ombi langu la kwanza: somo la dini liondoe kwenye kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Wanasinzia wote, na mimi pia."