Masahihisho ya Ndege ya London

Dodoma
6 Machi 1994

Baba yangu Mzee Yotham,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na kile kifua? Na wale ng'ombe wawili wenye kiburi? Mimi huku sina hata mafua. Nimenenepa mpaka ukikutana nami barabarani utanipisha, ukidhani mbunge.

Sasa kaa chini, barua hii haifai kusomwa na mtu aliyesimama. Ile kazi ya muda ya kupiga taipu niliyokuambia, kumbe ni kazi ya ndege! Kamati imetoka Dar, imekodi vyumba vinne nyuma ya stesheni, inaandaa oda ya ndege mpya kubwa itakayoruka Dar mpaka London bila kutua mahali, hata kunywa maji. Kila kitu kinaandikwa: viti vingapi, injini ngapi, vyoo vingapi, mpaka rangi ya mapazia. Kurasa mia na arobaini. Na anayezisahihisha ni nani? Mwanao, msomi wa kidato cha pili na nusu.

Hapa ukifuta neno kwenye karatasi ya ofisi lazima utie herufi za jina lako pembeni, ijulikane nani kafuta. Basi kila ukurasa ni D.Y., D.Y., kama chapa ya ng'ombe. Katibu wa kamati, Bwana Wambura, mtu wa suti tatu, anavuta kiti mezani kwangu tunashauriana. Jana nimetazama masafa: ndege iruke kilomita elfu tisa na mia tano kwa mruko mmoja. Nikaona hizo nyingi mno, nikaweka elfu saba. Viti nikaongeza. Generosa, mpiga taipu mwenzangu, ananiambia, "Damas, wewe utakufa na sifa zako." Wivu tu.

Wasalimie wote, na wale waliosema nitachunga mbuzi maisha wasalimie mara mbili.

Mwanao mtaalamu,
Damas

*

Mvumi
21 Machi 1994

Mbukwa mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakohoa asubuhi, mchana anagombana na kuku, kwa hiyo ni mzima. Ng'ombe mmoja kazaa. Huyo sasa kiburi chake hakisemeki.

Barua yako nimeisoma nimekaa, halafu nikaisoma nimesimama. Miaka kumi na tisa nimekaa kiwanjani na gari la zimamoto, nikawasikiliza marubani wakinywa chai. Kutoka Dar kwenda London ni zaidi ya kilomita elfu saba. Ndege yako mafuta yatakwisha kabla haijafika. Abiria watashukia wapi, baharini?

Tena mimi nakujua. Mvumi nzima inakujua. Damas akisema kaua chui, sisi tunakwenda kuzika paka. Hiyo elfu saba hukuitoa kichwani mwako. Umesomewa. Aliyekusomea ni nani, na amekupa maandishi? Sisi kiwanjani mtu akikuletea agizo la mdomo, unamkabidhi kalamu kwanza. Mwombe huyo Bwana Wambura aandike kwa mkono wake, hata kikaratasi, ukiweke mahali. Usione haya. Mkubwa asiyetaka kuandika ana sababu yake.

Baba yako

*

Dodoma
2 Aprili 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo tena, na hongera ya ndama. Mpeni jina langu.

Nimecheka mpaka Generosa kaniuliza kama nimepata mchumba. Baba, kwa heshima zote, wewe ndege ulikuwa unazimwagia maji, hukuwa unazirusha! Enzi zenu mlikaa mnasubiri kibali cha kupiga chafya. Siku hizi ni soko huria, mambo yanakwenda mbio, hakuna cha kikaratasi wala kalamu.

Na nisikilize vizuri, nisirudie. Sijasomewa na mtu. Masafa nimeyakata mimi. Viti nimeongeza mimi. Injini zilikuwa nne, nimezifanya mbili mimi, maana mbili zinakunywa kidogo. Bwana Wambura yeye anaitikia kwa kichwa tu. Ndege hiyo ikipita juu ya Mvumi, toka nje umwambie mama: ile pale, ya Damas. Umeridhika?

Mwanao, tena wa kujivunia,
Damas

*

Mvumi
15 Juni 1994

Mwanangu Damas,

Salamu. Miezi miwili na siku kumi na tatu, kimya. Mama yako anasema umeoa. Mimi sisemi kitu. Kama nilikuudhi kwa habari ya kikaratasi, basi, andika hata mistari miwili ya kujisifu tujue u hai.

Baba yako

*

Dodoma, mahabusu
19 Septemba 1994

Baba,

Shikamoo. Mama asisomewe barua hii. Barua hii anaitoa Generosa, mimi siruhusiwi.

Nimekamatwa siku ya tisa leo. Mbunge mmoja aliuliza: ndege gani hii ya London isiyofika London? Wakatafuta nakala ya kwanza, wakaiweka ubavuni mwa ile iliyosahihishwa. Pamebadilishwa mahali thelathini na moja, na pote pamekuja kulingana na ndege ya kampuni moja, ile iliyokuwa imeshindwa mwanzoni. Pembeni ni D.Y. peke yake, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Bwana Wambura kasema yeye aliamini kijana anasahihisha makosa ya taipu.

Baba, nilisomewa. Alikuwa anatoa kikaratasi mfukoni, anasoma, mimi napiga, anakirudisha mfukoni. Generosa kila mara alitumwa chai, hakusikia hata neno. Maneno yako ya kalamu yaliniingia, nakuapia. Ile Aprili nilipokuandikia nimecheka, nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Ila ningekwendaje kumwomba maandishi, halafu nikuambie nini wewe, wakati nimeshakuambia ni mimi?

Sasa neno moja tu nakuomba. Zile barua zangu mbili, ya Machi na ya Aprili, zichome. Leo, kabla hujala.

Mwanao,
Damas

*

Mvumi
27 Septemba 1994

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako nimemwambia uko safarini. Hajaniamini.

Barua yako imefika jana. Wapelelezi walifika Alhamisi iliyopita. Mmoja alikuwa kijana mpole, kaniamkia vizuri, kakaa kwenye kigoda bila kukifuta vumbi. Akaniuliza, "Mzee, huyu mtoto ana kawaida ya kukuandikia?" Nikafurahi. Nikaingia ndani mwenyewe, nikazitoa zote mbili chini ya mto. Nikamwambia, "Soma mwanangu, usome kwa sauti, uone mtu mwenyewe alivyo. Huyu wa kubadilisha ndege? Huyu?"

Akasoma. Nilikuwa nasubiri acheke. Hapa hakuna aliyewahi kusomewa barua zako akakosa kucheka. Yeye hakucheka, Damas. Alipofika pale pa injini alirudia mara ya pili, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniaga kwa adabu.

Nilitaka kukusaidia.

Baba yako

*

Dodoma, mahabusu
10 Novemba 1994

Baba,

Shikamoo. Hapa chakula ni ugali na maharage, tena maharage yanahesabika. Usiku, kwa kubanana, tunageuka wote kwa pamoja, mmoja akitoa amri. Mtoa amri ni mimi. Hilo ni kweli, si sifa.

Hakucheka kwa kuwa si mtu wa Mvumi. Nani alimwambia agawe maneno yangu kwa kumi? Barua ya Aprili imesomwa mahakamani. Mwendesha mashtaka ana sauti nzuri, kasoma "sijasomewa na mtu" kama anahubiri. Nilipojitetea kwamba nilisomewa, hakimu akauliza, "Nikuamini wa leo au wa Aprili?" Wa Aprili ndiye aliyekuwa anaongea vizuri.

Nasikia unataka kuja kunitolea ushahidi. Nakuomba usije. Najua utakachosema. Mle ndani yumo Bwana Wambura na suti zake, yumo Generosa, wamo watu wa kamati nzima. Niache nijitetee kwa mdomo wangu.

Mwanao,
Damas

*

Mvumi
3 Januari 1995

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka. Mvua imenyesha mara mbili, mtama umetoka.

Barua yako nimeielewa, na nitakuja. Wanasema ni miaka saba. Mama yako kifua kile hakina miaka saba. Wewe unaogopa kuaibika, mimi naogopa kukuzika ukiwa hai. Hasira zako nitazibeba ukitoka.

Baba yako

*

Mvumi
25 Februari 1995

Mwanangu Damas,

Mbukwa. Tangu wakuachie ni wiki tatu leo. Nilikusubiri mlangoni pa mahakama na shati safi alilolifua mama yako, mpaka askari akaniambia umetokea mlango wa nyuma.

Nisemeje? Nilisema wewe ni mwongo tangu unanyonya. Nilisema hukuwahi kuamua jambo maishani mwako, hata kuacha shule uliamuliwa. Walipocheka nikafurahi, nikaona sasa wanakusoma kama tunavyokusoma sisi. Ndipo nikamwambia hakimu akupe hesabu yoyote ya kugawanya, aone kama hiki ni kichwa cha kupunguza masafa ya ndege. Uliposhindwa niliona hakimu anafunga jalada, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Umetoka. Si ndilo tulilotaka?

Ndama amekua. Njoo nyumbani. Kama huna nauli, mwambie dereva yeyote wa Mvumi, atakupakia.

Baba yako

*

Kizota
16 Aprili 1995

Mzee Yotham,

Shikamoo. Shati nimelipata kwa mkono wa Generosa. Mwambie mama asante, linanitosha.

Nipo hapa Kizota, karakana ya mageti. Nashika chuma, mwingine anachomea. Wananiita Kimya. Generosa kanipa na habari nyingine: Bwana Wambura amepelekwa masomoni Uingereza, na zile kurasa za oda ya ndege zimechapwa upya. Masafa ni yale yale, elfu saba, safari hii bila kusahihishwa popote.

Sikuandiki kwa ajili ya hayo. Nakuandikia kwa ajili ya ile hesabu. Hakimu alisema: elfu tisa na mia tano, gawa kwa nne. Jibu ni elfu mbili mia tatu sabini na tano. Nilikuwa nalo kabla hajafunga mdomo. Nikawatazama watu wote wale, nikaona nikilitoa ni miaka saba. Nikaanza kuhesabu vidole. Kucheka kwao ulikusikia.

Kisha nikakutazama wewe. Nilidhani nitakuta umefumba macho, unaniombea nishindwe. Hukuwa unaomba, baba. Ulikuwa umekunja mikono, umetulia kabisa, mtu mwenye uhakika.

Usije Kizota.

Damas