Kwinsi Ulizoniachia Nichemshe

Mpendwa dada,

Kamwene. Daktari hanifichi kitu tena, kwa hiyo nami niache kukuficha. Tangu mti wako ulipokatwa kule Kilolo hadi tulipokuzika Mbeya, uliamini kwamba nilisahau. Sikusahau.

Nakukumbuka ukitoka misheni na machipukizi matatu ya kwinsi, yale matunda ya Wazungu wa misheni, umeyafunga kwa gunia lililoloa. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mawili yalikufa. La tatu ulilipanda shamba la bondeni, pale ambapo umande wa Juni huganda na kuwa mweupe kama chumvi. Mwaka mmoja mipichi yote ya jirani iliungua kwa baridi. Mti wako ulisimama bila jani, kisha ukachipua. Ulikuwa ukiusemesha kama mtoto anayekataa uji.

Jirani yetu, mama mnene yule, alipoona matunda ya kwanza alikutania: "Binti, siku hizi unalima mawe yenye manyoya?"

"Subiri yaingie chunguni, mama. Utakuja na bakuli mwenyewe."

Baba akasema mbele yetu, "Mti huu ukizaa kinacholiwa, bonde ni lako. Usipozaa, ni la mdogo wako." Nilikuwa likizo kutoka shule ya kati. Maneno yale niliyaelewa vizuri.

Kwinsi zikaanza kuwa za manjano, nawe ukaitwa Mbeya kumuuguza shangazi. Ukiwa na mguu mmoja ndani ya basi ukaniambia, "Baba asizionje mbichi. Zichemshe na sukari, polepole, mpaka ziwe nyekundu. Wakikucheka kwamba umekaa jikoni, waache wacheke."

"Ndiyo, dada."

Jumapili baada ya ibada nilimpelekea baba kwinsi mbichi kwenye sahani. Akauma, uso ukamkunjamana, akatema. "Watu wa misheni wanakula hiki, halafu wanatuhubiria sisi?" Nyumba nzima ilicheka. Nami nilicheka. Jumatatu akachukua shoka.

Uliporudi ulikitazama kisiki, ukaniuliza, "Ulisahau?" Nikaitikia kwa kichwa. Ukanishika bega. "Basi. Una masomo mengi."

Hukupanda tena mti wowote. Uliishi Mbeya ukilima mashamba ya watu, nami nikasomesha watoto wangu kwa bonde lako. Nao walikupenda, maana hukuwahi kuja mikono mitupu. Kisiki hakikufa, dada. Kila mvua zilipoanza kilichipua, nami niliyakata machipukizi kabla hujaja kututembelea. Sasa sina nguvu ya kushika panga. Mti umenizidi urefu, na una maua.

Pumzika, dada. Mimi niko njiani, lakini sitaki tukutane kabla hujalijua hili. Jumamosi ile, siku moja kabla ya sahani ya baba, nilichemsha kwinsi moja nyuma ya zizi, vilevile ulivyonielekeza. Ikawa nyekundu. Nikaila yote. Ilikuwa tamu.

Mdogo wako