Gauni Lililokatwa kwa Mwili wa Mama

3 Machi

Kiuno changu kimerudi! Inchi ishirini na saba, mwanangu, zilezile za siku niliyoolewa na marehemu baba yako. Nimepima mara tatu, tena kwa utepe mpya, maana ule wa zamani umelegea na ungeweza kunipendelea.

Haya, sasa salamu. Hujambo, mwanangu wa miwani? Kazi inakwendaje, bado unasaga lenzi za macho ya watu? Lile vumbi la mashine halikukeri kifua? Vaa barakoa, usiseme inakuharibia poda. Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza. Kaka yako fundi bomba ni mzima, juzi alikuja kunizibia koki ya jikoni akala chakula changu chote akaniacha na sufuria la kuosha.

Unakumbuka Novemba waliponiambia nina kisukari, ukalia kwenye simu mpaka nikakukatia? Daktari aliniuliza umri, nikasema hamsini na mmoja, akasema basi ni aina ya pili, hiyo ya watu wazima, meza vidonge na upunguze wanga. Mimi nikiambiwa punguza, napunguza! Mkate nimeacha. Wali nimeacha. Viazi navitazama sokoni kama mtu anavyomtazama mchumba wake wa zamani, natikisa kichwa napita. Januari muuguzi wa kliniki alinisimamisha mbele ya wagonjwa wote, akasema, "Mtazameni huyu mama, ameshapungua kilo tano." Nikasimama muda mrefu kidogo ili na wa nyuma waone. Sasa wenzangu wananijia cherehani kuniuliza wale nini. Hata jirani wa saluni, ambaye naye ana aina ya pili, nimemwambia nidhamu haipakwi kama losheni. Anakula nusu mkate kila asubuhi, yule!

Kwa furaha hiyo nimekushonea gauni la buluu, lina mikunjo midogo kifuani na zipu ya pembeni. Sikukusumbua kwa vipimo. Nimelikata kwa mwili wangu mwenyewe kama siku zote, maana tangu ulipofika miaka ishirini mimi na wewe tunavaliana nguo. Livae kazini siku ya Ijumaa, na wakikuuliza fundi ni nani, usinifiche.

Mama yako, mwenye kiuno


19 Machi

Shikamoo Mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo, kifua hakina neno, barakoa navaa.

Gauni limefika. Kila mtu hapa karakana amelishika mikunjo, na nimekutaja kwa fahari. Lakini Mama, halikunipita mabegani. Nilidhani nimesahau kufungua zipu. Nimefungua, nimevuta pumzi, nimelala hata kitandani nikalivuta kutoka miguuni. Halikuingia. Na mimi sijanenepa, sare yangu ya kazini ni ileile ya mwaka juzi. Mwenzangu wa mashine ya pili, unayemjua alivyo mwembamba, naye limemkataa. Akalipeleka kwake, binti yake wa darasa la sita akalivaa. Limemkaa kama alipimiwa yeye.

Nikajiuliza, huyu fundi wa miaka thelathini amekosea wapi? Kisha nikakumbuka umesema ulilikata kwa mwili wako.

Siku ya harusi yako, Mama, hicho kiuno kilikuwa na mabega juu yake. Picha ninayo hapa. Umepunguza nini kingine ambacho hujaniandikia? Naomba namba za sukari, sitaki za utepe.

Binti yako


6 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nilipoisoma barua yako nilikasirika nikaitia kwenye droo ya vifungo, ikakaa humo siku nane. Mtoto niliyemfundisha kushika mkasi ananipima mimi! Leo nimeitoa, nikaisoma tena, nikaona bora nikwambie kabla hujaanza kuwapigia watu simu.

Namba za sukari ni hizi, mwezi kwa mwezi. Januari kumi na mbili. Februari kumi na saba. Machi kumi na tisa. Jirani wa saluni, pamoja na nusu mkate wake, ana saba.

Nilikwambia nilisimamishwa Januari. Sikukwambia kwamba Februari nilisimamishwa tena. Muuguzi yuleyule aliangalia daftari langu, akaniangalia mimi, akasema mbele ya watu wote, "Mama, hapa kuna mtu anakula kwa siri." Wakacheka. Hata kizee mmoja aliyekuwa amelala aliamka akacheka. Mimi! Mimi ambaye kwenye sherehe nashona nguo za watu kumi na mbili na wali wao naunusa tu! Nikarudi nyumbani nikaacha na maharage, nikaacha matunda, nikabaki na yai na mboga za majani. Nilitaka Machi nimtupie namba usoni. Machi ikatoka kumi na tisa, naye akacheka kwa pua tu.

Kwa hiyo usiniulize nimepunguza nini. Nimepunguza kila kitu na bado naonekana mwongo. Maji nakunywa ndoo nzima, chooni nakwenda kama nina miadi huko. Nikikanyaga cherehani nusu saa, miguu inaniambia tupumzike.

Jana jirani alikuja kupunguziwa sketi, akanusanusa. "Jirani, siku hizi unapaka rangi ya kucha?"

"Kucha zenyewe ziko wapi?" nikamwambia.

"Basi pumzi yako inanukia ile dawa yangu ya kufutia rangi."

Tukacheka sana. Nikamwambia ndiyo harufu ya wanawake wembamba, yeye hawezi kuijua.

Kliniki ni tarehe 24. Safari hii namba itashuka, utaona. Kaka yako usimwambie kitu, ana kelele.

Mama yako


12 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii itafika imechelewa, lakini ukali huu siuwezi kwa mdomo, kwa hiyo nauandika.

Daktari wa macho tunayemkatia lenzi alipita leo kuchukua oda. Nilimsomea ule mstari wa jirani na dawa ya kucha. Hakucheka. Aliniuliza, "Nani kasema mama yako ana aina ya pili?" Nikamwambia walitazama umri wake. Akasema, "Umri si kipimo. Mtu mwembamba, anayekonda, vidonge havimsaidii, na pumzi inanuka hivyo, aende hospitali leo. Asingoje tarehe 24."

Nimeshampigia kaka. Ana kelele, ndiyo, na nilizitaka hizo kelele. Kesho asubuhi atakuja na gari la mabomba. Usimfungie mlango, Mama. Ukimwambia una nguo ya mtu ya kumalizia atakubeba na cherehani yako.

Na jambo moja, ili usilibebe peke yako: mimi naamini hukula kwa siri.

Binti yako


20 Mei

Mwanangu wa miwani,

Nipo. Anza na hilo, mengine soma taratibu. Nisamehe kwa ukimya, nguvu za kushika kalamu sikuwa nazo na sikutaka upate barua yenye mwandiko wa kuku. Hujambo? Unakula vizuri? Leo nauliza hilo kwa maana kabisa.

Kaka yako alikuja kama ulivyopanga. Nilimwambia nina sare tisa za shule za kumalizia. Yeye alinibeba begani kama bomba la inchi mbili, akanilaza kiti cha mbele, na njia nzima aliendesha polepole kama amebeba mayai. Nilimwona anafuta macho kwa kitambaa cha grisi. Alipofika hospitali alikuwa na masharubu meusi mpaka masikioni.

Nililazwa siku tisa. Daktari wa zamu ni msichana mdogo, nilimdhania mwanafunzi, nikamuuliza mwalimu wako yuko wapi. Akacheka, akavuta kiti akakaa, akaniuliza mambo ambayo tangu Novemba hakuna aliyeniuliza. Nilikonda lini? Kabla ya kuacha mkate au baada? Nikafikiri. Kabla, mwanangu. Magauni yangu nilianza kuyabana Septemba. Nilibana kila moja kwa mkono wangu na sikujiuliza kitu, niliona ni bahati.

Akanieleza kwamba kuna aina ya kwanza, ile tunayodhani ni ya watoto, inayoweza kumjia hata mtu mzima, polepole. Kinga ya mwili inaigeukia kongosho, nayo inaacha kidogo kidogo kutengeneza insulini, ile inayoshusha sukari. Huyo mtu anafanana na wa aina ya pili mwanzoni, anapewa vidonge, anaambiwa apunguze chakula. Lakini insulini isipokuwepo, hata ukilala njaa sukari inapanda, na mwili unaanza kujila wenyewe. Ndiyo harufu ile ya saluni.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo sikuwa nakula kwa siri?"

Akasema, "Mama, hukuwa unakula kabisa."

Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniletea shuka lake.

Sasa najichoma insulini tumboni mara nne kwa siku. Muuguzi wa wodi alishangaa nilivyoshika sindano, nikamwambia, "Mwanangu, kuna kazi mimi sifundishwi." Na natakiwa kula! Siku ya kwanza waliniwekea wali kikombe kimoja na maharage, nikaukodolea macho kama umeniibia kitu. Miezi mitano nimeuita adui, leo naambiwa nisipoula baada ya sindano nitaanguka. Kila punje niliimeza kwa wasiwasi. Mpaka leo bado nahesabu.

Aina yenyewe haijajulikana. Damu imepelekwa maabara ya mbali, majibu wiki sita. Watu wananiuliza, una aina gani basi? Sina la kuwajibu. Unanijua mimi nikikosa jibu.

Mama yako


3 Juni

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za karakana, nikachelewa kurudi mashineni, msimamizi akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, kinyume chake.

Nafurahi unakula. Kula, Mama, hata kwa wasiwasi. Jibu likitoka niandikie siku hiyohiyo. Nami najiuliza, ikiwa ni aina ya kwanza na inarithiwa, sukari yangu mimi niipime lini? Muulize daktari wako mdogo.

Ruhusa ya kuja nimeomba, msimamizi anasema labda Desemba. Kaka ataniwakilisha.

Binti yako


2 Julai

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mwenzako wa mashine ya pili. Mwambie gauni amwachie binti yake, mimi halinifai tena. Nimeongeza kilo nne! Jana nimefumua mishono ya magauni mawili.

Majibu yametoka, na hayajatoka. Daktari mdogo alinionyesha karatasi. Ile kinga inayoshambulia imeonekana, ila kidogo, kwenye mpaka. Kongosho bado inatoa insulini, ila haba. Akasema inaelekea aina ya kwanza ya wakubwa, ila haapi, tutapima tena baada ya miezi sita. Nikamwambia, "Binti, mimi nimezoea mteja anaondoka na nguo imekamilika." Akasema, "Mama, kwa leo tunajua unahitaji insulini na unahitaji kula. Jina tutalipata tukiwa hai." Nimelifikiria hilo neno njia nzima. Novemba nilipewa jina haraka, nikalishika kwa mikono miwili, nikawafundisha na wengine, likakaribia kunizika. Safari hii nitakaa bila jina. Nimekaa na baba yako miaka ishirini na mbili bila kumwelewa, hili litanishinda?

Kuhusu wewe, amesema upime tu mara moja kwa mwaka, na ukiona kiu na kukonda usisubiri mwaka uishe.

Sasa nina jambo. Wiki iliyopita sukari ilishuka. Nilichoma sindano, kisha mteja akaja na magumzo yake, chakula kikapoa. Jasho likanitoka, mkasi ukanianguka, maneno hayaji. Jirani wa saluni alikuwepo. Nilinyoosha mkono kwenye kopo la sukari, naye akaninyang'anya! Akalikumbatia kifuani, anapiga kelele, "Jirani, unataka kujiua? Wewe mwenyewe umetukataza!" Na ni kweli, niliwakataza, kwa sauti, kwa miezi mitano. Nilitambaa mpaka kwenye begi la mwanafunzi aliyekuja kupima sare, nikanywa juisi yake. Jirani alilia kuliko mimi.

Ndipo nikaogopa, mwanangu. Hospitali sikuogopa hivyo. Yeye alitaka kuniokoa, na angeniua kwa mafunzo yangu.

Kwa hiyo nimemwita muuguzi nyumbani. Ndiyo, yuleyule wa kula kwa siri. Nilipolazwa alikuja kitandani kuniomba radhi, akashindwa kumaliza sentensi, nikammalizia. Atawafundisha watu wote wanaoingia kwangu: nikitetemeka mnipe sukari upesi, nikizimia msinimwagie kitu mdomoni, mniitie gari. Nami nitasimama mbele yao niseme niliwafundisha vibaya. Hilo ndilo gumu. Nataka uwepo nikilisema.

Mwambie msimamizi wako Desemba ni mbali. Mwonyeshe barua hii. Kaka yako na mkewe wanakuja, jirani anafunga saluni, wagonjwa wenzangu wa kliniki nimewaambia, na nitapika wali. Jumamosi, tarehe 19 Julai, saa nne kamili asubuhi, wote.

Mama yenu