Kofia Kumi Ukutani

Jumatatu, 4 Mei 1964
Kosa la wengi: hudhani kituo cha amri ni mahali pa mkubwa kupiga kelele. Sivyo. Ni mahali panapojulikana kila mtu yuko wapi. Nimewaeleza tena wenye mitumbwi asubuhi hii. Ziwa limeingia vijijini hapa Sio Port, na D.O., mkuu wa tarafa, amenikabidhi uokoaji kwa kuwa nilikuwa sajini vitani, kisha mwalimu.

Kituo ni darasa la nne, mlimani. Misumari kumi ukutani. Anayetoka hutundika kofia yake na kusema aendako; naandika ubaoni. Akirudi, huichukua. Kofia iliyobaki ni mtu aliye majini.

Jumanne, 5 Mei
Mvua. Watu wengi wamevushwa, hakuna aliyepotea. Najivunia ukuta ule kuliko medali yangu.

Dada yangu Nabwire amekataa kuacha kuku wake, ng'ambo ya mto. Wandera atamfuata kesho.

Jumatano, 6 Mei
Siku mbaya. Wandera alitoka saa mbili. Saa saba kofia yake bado ukutani. Sikuweza kukaa. Niliteremka hadi majini, sikumwambia mtu. Nilisimama tu, natazama.

Niliporudi, mvuvi mmoja alikuwa akinisubiri nusu saa nzima. Mtumbwi wa Wandera umenasa kwenye mafunjo, unaingiza maji. Dada yangu yumo. Wenye mitumbwi miwili walikuwa mlangoni, hawana wa kuwatuma.

Taaka, mpishi wetu, akaniangalia. "Mzee, kofia yako iko wapi?"
"Kichwani."
"Ndiyo maana hatukujua uko wapi."

Niliona aibu. Nikaituma mitumbwi yote miwili. Mingine iliendelea na kazi yake. Kisha nikakaa kitini. Kukaa kulikuwa kugumu kuliko vita.

Saa kumi waliingia, wameloa. Nabwire na kikapu cha kuku. Wandera alikwenda moja kwa moja ukutani. "Nilidhani umeshaiuza, mzee."

Alhamisi, 7 Mei
Maji yamesimama. Kofia zote zimechukuliwa. D.O. amesifu kituo. Nimemwambia awasifu wenye kofia. Wanastahili. Nimemwambia pia kosa langu.

Ijumaa, 8 Mei
Kumekucha bila mvua. Kuku wa Nabwire wanatembea darasani. Fahari yangu ipo palepale, ila sasa imejua adabu.

Amri kwangu leo, kabla ya chai: pigilia msumari wa kumi na moja, wa kofia yako.