Dari Uliyoipaka Chokaa

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka kijijini, milimani. Nimekaa mkekani katika majlisi, chumba cha wageni cha babu yako, shingo inaniuma kwa kutazama juu.

Ulipofariki, Ami Seif alisema nyumba ivunjwe baada ya Idi, ajenge ya matofali. Sikumlaumu. Nani angekitaka chumba kile? Kuta za udongo zimepasuka, dari ya mbao nyeupe tupu. Hata wewe ulikuwa huingii. Ulinambia sababu mwaka wako wa mwisho tu. Ulivuka bahari ukaja hapa kijana kutoka Unguja, umezoea nyumba za chokaa, ukaiona dari imekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Ukaipaka nyeupe kwa siku moja, kumfurahisha babu yako. Aliporudi kutoka shambani aliitazama dari. Alitoka akakaa nje. Ndipo wakubwa walipokwambia kwamba chini ya moshi ule palikuwa na michoro ya wazee, kazi ambayo kijijini hakuna tena aijuaye.

"Niliiua kwa mkono wangu huu," ulinambia. Ukageuza uso.

Basi nikamwomba Ami mwezi mmoja. Akacheka. "Mwanangu, utakwangua nini? Babako alipaka mara mbili."

Nikenda kwa jirani, Bi Thuraya. Siku hizi haoni, lakini dari ile aliiona utotoni. Akanyoosha kidole hewani kama anayechora. "Anza pembe ya kibla," akasema. "Palikuwa na mkomamanga."

Nikapanda ngazi na kijiti cha mtende na kitambaa kibichi. Siku tatu nilipata chokaa na masizi tu, vikiniingia machoni. Ya nne likatoka jani. Kisha komamanga. Jekundu, Baba, jekundu! Masizi yale uliyoyaona uchafu yalikuwa yameifunika rangi, na chokaa yako ikashika juu ya masizi. Haikuigusa michoro. Wallahi, hukuiua.

Nikampigia simu Ami. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akalala chali sakafuni na kanzu yake safi, kofia ikamtoka. Akaifuata michoro kwa macho. Halafu akasema, "Nitajenga upande wa bustani." Akauliza ngazi nyingine iko wapi.

Ijumaa tulimleta Bi Thuraya. Nikamsimulia dari ubao kwa ubao, naye akinisahihisha jina la kila ua, na wasichana wa kijiji wakichora katika madaftari yao. Alicheka, Baba. Nilitamani sana ungekuwepo pale.

Ubao mmoja karibu na mlango una alama za brashi yako, mistari ya mtu mwenye haraka na furaha. Ami alitaka kuukwangua, nikamkataza. Utabaki mweupe. Watoto wakiuliza, nitawaambia ulikuwa nani, ulitoka wapi, na ulikuwa unamtafutia babu yako furaha. Nakuahidi, sitaficha kitu, kwa sababu na wewe umo katika historia ya nyumba hii.

Pumzika sasa. Mola alipanulie nafasi kaburi lako.

Binti yako,
Raya