Nyumba ya Korogwe kwa Jina Langu

Baba Ana,

Nimeketi mlangoni kwetu hapa Korogwe, karibu na stesheni, nakuandikia kwa mwandiko ule niliofunzwa misheni kule Bungu. Kaburi lako bado halijaota jani. Nisamehe, Jumapili sikuja. Niliona haya.

Homa iliyokuchukua ilimshika na Ana. Nikiwa namkanda kwa maji, Mzee Hamisi akafika kutoka Handeni. Alitoa pole vizuri, kisha akasema, "Nyumba yangu nilimpangisha mumeo. Yeye hayupo, basi na mapatano hayapo. Wewe sikukupangisha." Nikamwambia nimekaa humu tangu siku ya kwanza. Akasema kukaa si kupanga.

Na kweli, siku mlipopatana mbele ya akida lilitajwa jina lako peke yake. Mimi nilikuwa nje na mkeka na vyungu, nangoja kuingia. Hatukuona ubaya wowote.

Mama yako akashuka tena kutoka Bungu na shemeji Yakobo kuja kunichukua, ili Yakobo anirithi. Unamjua Mama, hana maneno mengi. "Twende nyumbani, mwanangu. Hawa watoto ndio waliobaki wa marehemu mwanangu." Nikalia. Yakobo nilikuwa simtaki, na jiko langu nilikuwa sitaki kuliacha. Vibarua wa reli hula kwangu kila asubuhi. Wewe ulipolala kitandani miezi ile, jiko hilo ndilo lililolipa kodi.

Nikapeleka shauri kwa akida. Alitusikiliza sote wawili, mimi na Mzee Hamisi, halafu akanigeukia. "Nani anajua kwamba kodi ulikuwa ukilipa wewe?" Nikatazama watu barazani. Vibarua walikuwa kazini. Yakobo alitazama chini. Nikajua nimeshindwa.

Mama akasimama. Alisema kwa Kishambaa, mtu mmoja akamfasiria. Alisema, "Mwanangu alipougua nilikaa humo kumuuguza. Nilimwona huyu akipika, akiuza, akimpa huyu mzee kodi mkononi. Mzee alipokea. Hakusema huyu si mpangaji." Akaketi, akajitanda kaniki yake.

Akida akamwambia Mzee Hamisi, "Ulipoipokea kodi yake ulimpokea na yeye." Akaamuru jina langu litajwe mbele ya wote.

Lilipotajwa nilifurahi. Hilo ndilo linalonila, Baba Ana. Nilifurahi kama bibi harusi, na wewe huna hata majuma mawili mchangani, na mama yako yuko ubavuni kwangu, amejinyima wajukuu kwa kinywa chake mwenyewe.

Kesho yake aliondoka. Nilimsihi akae nasi. "Joto la huku litaniua. Na makaburi ya kwetu nani atayafyekea?" Akamshika Ana, aliyekwisha pona, kichwani, akaifuata njia ya mlimani, Yakobo mbele, yeye nyuma, polepole. Nilisimama namtazama, na moyoni, nikufiche nini, nilikuwa nawaza unga wa vibarua.

Siku zako za mwisho ulinishika mkono ukasema, "Usimwache Mama peke yake." Nikakuitikia. Sasa mimi nina nyumba, naye hana wa kumchotea maji. Yakobo amesharudi kwenye shamba la mkonge la Mdachi. Watu hapa wananisifu, wanasema mwanamke huyu shupavu. Nikisikia hivyo naingia ndani.

Nakuahidi jambo moja. Mahindi yakishavunwa nitafunga mlango, nitapanda Bungu na watoto. Kodi nitakuwa nimeilipa, Mzee hatakuwa na la kusema, na vibarua watakula kwingine. Ana amekuwa wa kubeba mtungi, naye amekubali kubaki na bibi yake. Kurudi huku bila Ana kutaniuma. Na kuniume tu. Mama naye kuwaacha wajukuu kulimuuma, na hakunung'unika.

Pumzika, baba. Jumapili hii naja kukufagilia kaburi, na haya zangu hizi hizi.

Mkeo,
Raheli